KUUNGAMA SI KUFUTA DENI: Maungamo na msamaha kwa sisi Wakatoliki



Jumamosi iliyopita nilikuwa saluni kwa kinyozi, hapa mtaani kwetu Morogoro, nasubiri zamu. Kama ilivyo kawaida ya saluni, mada ilianzia kwenye mpira, ikapita kwenye bei ya sukari, ikaishia kwenye dini. Jamaa mmoja mlokole akanigeukia: "Nyinyi Wakatoliki mna raha kweli. Ijumaa mnakunywa, Jumamosi mnaungama, Jumapili mnapokea Komunyo, Jumatatu mnaanza upya!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kinyozi, ambaye ni Muislamu, akauliza la kwake taratibu huku anapuliza nywele kwenye mashine: "Kwani huyo padre huwa mnamlipa shilingi ngapi?"

Nilijibu mawili matatu, zamu yangu ikafika, kichwa kikanyolewa, nikaondoka. Lakini njia nzima nilikuwa najiambia sijajibu kitu. Kwa hiyo naomba nijibu hapa, kwa nafasi.

Niseme mapema: mimi si padre, si katekista, na seminari nimeiona kwa nje tu. Nimemaliza kidato cha sita, nachapa kazi za watu kwenye stationery, na usiku naandika. Ila jambo hili nimelipitia mwenyewe, tena vibaya. Nitaeleza kwanza Kanisa linafundisha nini, halafu nitawasimulia yaliyonikuta.

NI NINI HASA?

Tunaiita Sakramenti ya Kitubio. Wengine husema Upatanisho, na mtaani tunasema tu "kuungama". Ni moja ya sakramenti saba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa 1992 inaiweka kwenye kundi la sakramenti za uponyaji, pamoja na Mpako wa Wagonjwa. Yaani Kanisa linamtazama mwenye dhambi kama mgonjwa anayehitaji tiba.

Nani anasamehe? Mungu. Hapa ndipo wengi wanapotuelewa vibaya. Hakuna Mkatoliki aliyefundishwa kwamba padre ana msamaha wake mfukoni anaougawa. Msingi wetu ni Injili ya Yohane sura ya 20, pale Yesu mfufuka alipowavuvia mitume Roho Mtakatifu na kuwapa mamlaka ya kuondoa dhambi na ya kuzifungia. Sisi tunaelewa kwamba mamlaka ile iliendelea kwa maaskofu, na kwa mapadre wanaofanya kazi nao. Padre anatamka maneno ya maondoleo, anayetenda ni Kristo.

"Sasa kwa nini usiongee na Mungu moja kwa moja?" Swali zuri. Tunaongea naye! Kila Misa inaanza na kukiri makosa yetu, wote pamoja. Kila usiku tunafundishwa kusali sala ya kutubu. Na dhambi ndogo husamehewa kwa njia nyingi, kwa sala, kwa matendo ya huruma, kwa kupokea Ekaristi vizuri. Lakini dhambi kubwa ina mambo mawili ndani yake. Inakutenga na Mungu, na inaumiza watu wa Mungu. Ukimdhulumu mtu hujamkosea Mungu peke yake, umeijeruhi jumuiya nzima uliyomo. Ndiyo maana kurudi kwako kunapita kwa mtu anayesimama kwa niaba ya wote wawili.

Halafu kuna sababu ya kibinadamu kabisa. Ukijiungamia mwenyewe chumbani, wewe ndiye mshtakiwa, wewe ndiye wakili na wewe ndiye hakimu. Kesi kama hiyo utashindwa lini?

DHAMBI YA MAUTI NI IPI?

Si kila kosa. Kanisa linataka mambo matatu yakutane kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, uwe unajua kabisa kwamba ni zito, na uwe umelitenda kwa hiari yako kamili. Likikosekana moja, si dhambi ya mauti. Hii ndiyo ambayo lazima uiungame kabla hujaenda kukomunika. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 989, inamdai kila aliyefikia umri wa kutambua aungame dhambi zake nzito angalau mara moja kwa mwaka. Kumbukeni neno "angalau". Mtu haogi mara moja kwa mwaka kwa sababu hakuna sheria inayomlazimisha zaidi ya hapo.

VIDOLE VITANO

Nilipokuwa mdogo kwenye mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, katekista wetu alitukaririsha kwa vidole vya mkono. Alikuwa na fimbo, kwa hiyo mpaka leo sijasahau:

1. Kutafiti dhamiri. Unakaa kimya unajikagua kwa Amri za Mungu, umefanya nini na umeacha kufanya nini.

2. Kujuta. Majuto ni ya aina mbili. Kuna majuto kamili, unayojuta kwa sababu unampenda Mungu uliyemkosea. Na kuna majuto pungufu, unayojuta kwa kuogopa moto au kwa kuona ubaya wa dhambi. Ndani ya kitubio hata haya pungufu yanatosha kukufikisha.

3. Kukusudia kutorudia. Hapa ndipo utani wa saluni unapokufa. Mtu anayeungama Jumamosi huku ameshapanga Jumatatu, hajaungama. Kanisa linasema wazi kwamba bila kusudi la kuacha hakuna msamaha, hata kama padre ametamka maneno yote, maana padre haoni moyoni. Ila kuanguka tena si ushahidi kwamba ulidanganya. Mlevi anaweza kukusudia kwa dhati leo akaanguka wiki ijayo. Tofauti ni kati ya aliyeanguka na aliyejilaza.

4. Kuungama. Unazitaja dhambi kwa padre, zile nzito kwa aina na kwa idadi kadiri unavyokumbuka. Bila hadithi ndefu, na bila kuungama dhambi za jirani (wapo wanaoenda kumsema mke kule!).

5. Kutimiza malipizi. Padre anakupa jambo la kufanya: sala, kufunga, tendo la huruma. Malipizi si bei ya msamaha. Ni kama mazoezi anayopewa mtu aliyetolewa plasta mguuni, mfupa umeunga lakini mguu bado haujazoea kutembea.

Kinyozi wangu, jibu lako ni hili: shilingi sifuri. Sakramenti haiuzwi. Ni kweli huko nyuma kulikuwa na fedheha ya biashara ya rehema, ambayo ilimchochea Martin Luther mwaka 1517. Tuseme ukweli, aibu ile ilikuwa yetu. Mtaguso wa Trento ulipiga marufuku mapato hayo machafu mwaka 1563. Ila hata rehema zenyewe si maondoleo ya dhambi. Zinahusu adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Ni mada ya siku nyingine.

HAIKUWA HIVI TANGU MWANZO

Hii ilinishangaza nilipoisoma. Katika karne za mwanzo, Mkristo aliyeanguka kwenye dhambi kubwa kabisa (kuikana imani, kuua, kuzini) aliingizwa kwenye kundi la watubu, na kila mtu alimjua. Alifunga, alivaa vibaya, alisali nje ya ushirika wa Ekaristi kwa miezi au hata miaka. Roma ilikuwa desturi kuwapatanisha siku ya Alhamisi Kuu. Na nafasi hiyo ilitolewa mara moja tu maishani! Ukianguka tena, umebaki na Mungu wako. Ndiyo maana wengi waliahirisha toba mpaka kitandani mwa kufa.

Mabadiliko yaliletwa zaidi na wamonaki wa Ireland, kuanzia karne ya 6 na ya 7. Walikuwa na mtindo wa mtu kuungama faraghani, na kurudi kila anapohitaji. Mtindo ukaenea Ulaya. Mwaka 1215 Mtaguso wa Nne wa Laterani uliagiza kila muumini aungame angalau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento ukaifafanua sakramenti hii rasmi mwaka 1551. Kile kiti cha maungamo chenye ukuta na kimiani katikati nacho si cha zama za mitume. Kilienea karne ya 16, na Carlo Borromeo, Askofu Mkuu wa Milan, ndiye aliyekisukuma sana. Mwaka 1973, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ilitoka ibada mpya, na ndiyo tunayotumia hadi leo. Inaruhusu pia ile ibada ya toba ya pamoja tunayoifanya Kwaresima na Majilio. Mnasikiliza Neno pamoja, mnatafiti dhamiri pamoja, kisha kila mmoja anaungama kivyake kwa padre.

Maondoleo ya jumla bila kuungama mmoja mmoja yapo, lakini ni ya dharura, mfano hatari ya kifo ambapo padre hana muda wa kumsikiliza kila mtu. Na anayepona anabaki na wajibu wa kuungama dhambi zake nzito baadaye. Wakati wa korona, Machi 2020, Vatikano ilikumbusha hili. Ikakumbusha pia kwamba mwenye majuto kamili ambaye hawezi kumpata padre, akiwa na nia thabiti ya kuungama mara atakapoweza, anasamehewa na Mungu hata dhambi ya mauti.

Kwa simu au WhatsApp je? Hapana. Tangu 2002 ofisi ya Vatikano inayohusika na mawasiliano iliandika kwamba hakuna sakramenti kwenye intaneti. Padre anaweza kukushauri kwa simu, lakini maondoleo yanataka watu wawili waliopo mahali pamoja.

SIRI YA MAUNGAMO

Hili ndilo watu wa nje hawaliamini. "Padre naye binadamu, atanyamaza kweli?"

Kanuni ya 983 inasema muhuri wa sakramenti haukiukwi. Padre hawezi kumsaliti aliyeungama kwa neno, kwa ishara, kwa sababu yoyote ile. Hawezi kuwaambia polisi, mahakama, askofu wake, wala mama yako mzazi. Kanuni ya 984 inaenda mbali zaidi, kwamba haruhusiwi hata kutumia alichokisikia kwa namna itakayomdhuru aliyeungama. Ukiungama kwa mkalimani, mkalimani naye amefungwa na siri hiyo. Padre anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo bila kusubiri hukumu, na kuondolewa adhabu hiyo ni mpaka Roma. Mwaka 1215 adhabu ilikuwa kuvuliwa upadre na kufungiwa kwenye monasteri akitubu maisha yake yote.

Sasa, hoja inayouma. Je, siri hii haiwafichi wahalifu? Australia, tume iliyochunguza unyanyasaji wa watoto ilipendekeza mwaka 2017 kwamba mapadre nao walazimishwe kuripoti hata waliyoyasikia kwenye maungamo, na baadhi ya majimbo yakatunga sheria hiyo. Kanisa limekataa. Mimi sipuuzi machungu ya wale watoto, na Kanisa limeficha mengi nje ya kitubio, huko halina pa kujitetea. Lakini kuhusu kitubio chenyewe naona hivi: mhalifu anayejua kwamba padre ataripoti hataenda kabisa, na mtu pekee ambaye angemwambia usoni "acha, kajisalimishe" atakuwa ameondolewa. Anayepinga namkaribisha kwa hoja.

Kumbe mtu mmoja tu kwenye kitubio hafungwi na muhuri. Ni yule aliyeungama. Dhambi ni yangu, naweza kuisimulia. Basi naisimulia.

YALIYONIKUTA

Mwaka 2021 nilikuwa mweka hazina wa Jumuiya yetu Ndogo Ndogo. Kijana aliyesoma, anajua kuandika daftari, wazee wakaniamini. Mwaka huo akafariki baba mmoja wa jumuiya. Tukachangishana rambirambi, kaya 26, zikapatikana shilingi 140,000. Nilikaa nazo siku mbili.

Siku ya pili nikachukua 60,000 nikabeti. Sikujiambia naiba. Nilijiambia nakopa mpaka jioni, na faida juu. Mkeka ukachanika. Mjane nikamkabidhi bahasha ya 80,000. Mila zetu mnazijua, mfiwa hahesabu bahasha mbele za watu. Kwenye daftari nikaandika 140,000 zimekabidhiwa. Hakuna aliyejua.

Jumapili mbili nilienda kukomunika nikiwa vile vile, kwa sababu nikibaki kwenye benchi mama yangu ataniuliza. Jumapili ya tatu nikashindwa. Nikaanza kukaa nyuma karibu na mlango, ili wakati wa Komunyo niwe nje.

Kilichonitesa zaidi nilikiona baadaye. Yule mama aliacha kuja jumuiya. Watu wakasema ni uchungu wa msiba, tumpe muda. Mimi nilimuelewa. Miaka yote alikuwa wa kwanza kuchangia misiba ya wenzake. Kaya 26 zikamletea elfu themanini. Alikuwa anajiuliza mume wake aliwakosea nini.

Kwaresima ya 2022 parokia ikawa na ibada ya toba, wakaja mapadre kutoka parokia nyingine kusaidia. Nikachagua foleni ya padre mgeni, mzee, ili asiijue sauti yangu. Nikapiga magoti, nikaungama vitu vidogo vidogo kwanza, halafu nikasema haraka haraka: nilichukua hela ya rambirambi, elfu sitini.

Padre akauliza: "Hela iko wapi?"

"Imeliwa, Padre."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yupo mtaani. Ila jumuiya ameacha kuja."

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza kama nimekusudia kurudisha. Nikasema sina kazi. Akasema hakuuliza kama ninazo, ameuliza kama nimekusudia. Nikasema ndiyo. Akanipa malipizi ya kumsalia marehemu kwa siku kadhaa. Nikauliza, na kurudisha hela je, si ndiyo malipizi? Akanijibu: "Hapana mwanangu. Sala ndiyo malipizi. Ile hela si malipizi, ni mali yake."

Akaniambia jambo jingine ambalo sikulijua, kwamba kurudisha ni lazima, kujitangaza si lazima. Mtu anaweza kurudisha hata kwa siri. Akanipa maondoleo. Nikatoka nikiwa mwepesi kama nimetua gunia. Sitawadanganya, nililia.

Sasa ndiyo kazi ikaanza. Nilifanya saidia fundi, nikachapa kazi za wanafunzi, wiki saba zikatimia 60,000. Mpango wangu ulikuwa bahasha chini ya mlango usiku (kutuma kwa simu jina linatokea!). Nikafika mpaka karibu na nyumba. Nikasimama. Nikajiuliza, akizikuta hizi asubuhi ataelewa nini? Ataona kuna jirani mmoja ana huruma. Lakini bado ataamini kwamba jumuiya nzima ilimthamini mume wake kwa elfu themanini. Nilikuwa nimeiba vitu viwili, hela yake na jina la majirani zake. Bahasha ingerudisha kimoja.

Nikarudi nyumbani. Kesho yake jioni nikaenda mchana kweupe, yaani watu wananiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, baba."

Sikukaa. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Akaipokea bahasha, akazihesabu. Akazihesabu tena. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo walitoa laki na arobaini?"

"Ndiyo, mama."

"Laki na arobaini," akarudia, kama anamwambia mtu mwingine aliyekuwa mle ndani. Halafu akasema: "Hela nimepokea. Hilo la kwako niachie kwanza."

Nikaondoka. Kwa mwenyekiti wa jumuiya nikaenda mwenyewe, na mkutano uliofuata daftari likapewa mtu mwingine. Kuna mzee mmoja alitaka nipelekwe polisi, na kusema kweli alikuwa na haki ya kutaka hivyo. Wiki ya pili yule mama akarudi jumuiya.

NILICHOJIFUNZA

Nilidhani msamaha ni kitu kimoja. Kumbe kuna msamaha wa Mungu, kuna msamaha wa mtu, na kuna deni, na kila kimoja kina mlango wake.

Msamaha wa Mungu niliupata siku ile ile, haukusubiri wiki saba. Deni lilibaki palepale mpaka lilipolipwa. Katika Injili ya Luka sura ya 19, Zakayo hakusema tu "samahani". Aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Msamaha wa mtu ni wake mwenyewe. Mkristo anaamriwa asamehe, ule mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi kisha akamkaba mwenzake kwa dinari mia unatuhusu wote. Lakini amri hiyo ni yake na Mungu wake. Si kazi ya mwizi kwenda kumsomea aliyeibiwa ule mfano.

Tena kusamehe si kujifanya halikutokea. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi pale uwanja wa Mtakatifu Petro na Mehmet Ali Ağca. Siku nne baadaye, akiwa bado hospitali, alitangaza kwamba amemsamehe. Tarehe 27 Desemba 1983 alimfuata gerezani Rebibbia, wakakaa kwenye viti wakazungumza kwa sauti ya chini, na Papa akasema waliyoongea yatabaki siri yao wawili. Kisha Papa akatoka, na Ağca akabaki ndani. Alikaa gerezani Italia mpaka mwaka 2000, Rais wa nchi hiyo alipompa msamaha akarudishwa Uturuki, akaendelea na kifungo huko hadi 2010. Hakuna aliyesema kwamba msamaha wa Papa ulikuwa wa uongo kwa sababu mlango wa gereza ulifungwa.

Kwa hiyo kunyang'anywa daftari hakukumaanisha jumuiya haijanisamehe. Mpaka leo sijapewa hela ya mtu kushika, na siombi.

Na kwa wanaosema padre ni mwenye dhambi kama sisi: ni kweli, na ndiyo maana naye anaungama. Tarehe 28 Machi 2014 Papa Fransisko aliongoza ibada ya toba Vatikano. Alipotakiwa kwenda kwenye kiti kusikiliza watu, yeye akaenda kwanza kupiga magoti mbele ya padre wa kawaida, akaungama. Picha zilizunguka dunia nzima. Hakuna anayeweza kujiondolea dhambi zake mwenyewe, hata Papa.

Nilipomaliza kuandika nilipita tena saluni, nikamsimulia kinyozi hiki kisa. Akaniambia hata kwao toba ni kwa Mungu moja kwa moja, hakuna padre, lakini ukila haki ya mtu toba yako haitimii mpaka umrudishie au akuachie mwenyewe. Nikamwambia basi hapo tumekutana. Akanyoosha kola ya mteja, akaendelea na kazi.

Yule mama? Hajawahi kunitamkia kwamba amenisamehe, na sijamuuliza. Salamu yangu anaitikia. Jumapili moja, ikiwa imepita zaidi ya mwaka tangu siku ile, tulijikuta benchi moja kanisani, na wakati wa kutakiana amani akanipa mkono. Hakuniangalia, ila alinipa.

Wadau, uwanja ni wenu. Mlokole, Muislamu, Mkatoliki mwenzangu uliyeacha kuungama miaka kumi, karibuni kwenye maoni, ila matusi ya dini nitayafuta. Na swali langu kwenu ni moja: umewahi kufuatwa na mtu aliyekudhulumu akakurudishia chako? Ulimjibu nini?